Ulizeni Kwanza Nani Alitoka Humo

Wanangu, tangu Arua ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, mabroka hawalali. Maduka hayajafunguliwa, wao wamekwisha kusimama Avenue Road, simu sikioni, wakimweleza mtu wa Juba au wa Kampala kwamba iko nyumba ya zamani katikati ya mji, kuta nene, baraza pana, mwembe uani, na mwenyewe ana haraka kidogo ya kuuza. Nanyi mliojaliwa pesa mkiwa bado vijana, Mungu awazidishie, mnakuja kuniuliza: Mzee, hii nyumba ya Mhindi tununue? Mnanionyesha picha, mnanitajia bei. Sijamsikia hata mmoja akinitajia jambo ambalo mimi ningetaka kulijua kabla ya bei, nalo ni hili: nani alitoka humo, na alitokaje?

Kwingineko anayepima nyumba kuukuu huanza na paa, akashuka msingini, akamaliza chooni. Sisi wa West Nile hatuna ruhusa ya kuanzia hapo. Katika miaka minane watu walikimbizwa katika mji huu mara mbili, na kila mara nyumba walizoziacha zilifunguliwa na wengine.

Mara ya kwanza ni 1972. Tarehe 4 Agosti Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Hapa Arua walikuwa na majumba yao ya biashara: duka mbele, familia nyuma, ua katikati, jiko na stoo kwenye ua. Ndizo hizo mnazoziita nyumba za Mhindi. Serikali ilizitwaa kwa amri zake, zikawekwa chini ya Bodi ya kusimamia mali za Waasia walioondoka, kisha wakagawiwa wale waliokuwa na mtu serikalini au jeshini. Uganda nzima ikawapa jina, mafuta mingi. Wengine wao walikuwa watu wa hapa hapa, ndugu zetu, nasi tulikula pilau kwenye harusi za watoto wao katika sebule zile zile.

Mara ya pili ilianza 1979. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na waliokuwa na Amin wakapanda kaskazini na kuvuka mipaka. Oktoba 1980 wapiganaji waliotoka Sudan waliingia Koboko na Arua, na jeshi jipya la serikali, UNLA, lilipokuja kujibu halikuchagua kati ya mpiganaji na mama mwenye mtoto mgongoni. Watu walimiminikia Sudan na Zaire. Waliobaki wengine walikimbilia misheni, na hata huko hapakuwa na usalama. Waulizeni wazee wa Ombaci juu ya mauaji ya misheni yao ya tarehe 24 Juni 1981. Mji ukabaki na wanajeshi, na wanajeshi wakabaki na nyumba. Mabati yakaezuliwa, milango na fremu za madirisha zikapakiwa kwenye malori. Walioanza kurudi miaka iliyofuata, wakivuka kutoka Yei na Aru, wengi walikuta kuta tupu zenye nyasi ndani.

Sasa mwaelewa kwa nini nyumba moja ya mtaa wa maduka inaweza kuwa na watu wanne wanaoiita yangu, kila mmoja na karatasi yake. Mjukuu wa Mhindi, aliyezaliwa Leicester au Toronto, ana hati. Familia ya mafuta mingi ina barua ya kugawiwa. Aliyeingia baada ya vita ana risiti za kodi alizokatiwa na Bodi. Na yupo wakala aliyevaa suti, mwenye hati ya uwakili iliyosainiwa ng'ambo. Wote wanne wanaweza kuwa wakweli, hakuna mwizi kati yao. Lakini sheria haiwapi uzito sawa.

Sheria ya mali zilizotaifishwa ya 1982, iliyoanza kutumika Februari 1983, ilibatilisha mauzo na uhamisho wa kila aina uliofanywa juu ya mali hizo baada ya kutwaliwa. Maana yake, mtu akikutolea mkataba wa 1975 uliokunjwa vizuri ndani ya Kurani au Biblia ya baba yake, mheshimu, mpe pole, wala usimpe pesa. Sheria hiyo hiyo iliwafungulia wenye mali wa awali mlango wa kudai, na aliyekubaliwa alipewa na Waziri wa Fedha cheti cha kurudishiwa mali yake. Wengi walirudi kudai katika miaka ya 1990. Kwa hiyo barua ya kugawiwa ilikuwa ruhusa ya kukaa na kulipa kodi, basi. Mpangaji hauzi nyumba hata akikaa humo miaka arobaini, hata kama watoto wake wote wamezaliwa chumba cha nyuma.

Msidhani cheti cha kurudishiwa mali nacho ni mwisho wa maneno. Mwaka 2019 kamati ndogo ya Bunge ilichunguza shughuli za Bodi, na yaliyofichuka yalitosha kumfanya mnunuzi yeyote awe mwoga: mali zilizochukuliwa na watu wasiokuwa na haki nazo, kwa vyeti vilivyoonekana safi. Cheti kinakaguliwa kule kilikotoka. Hati ya uwakili nayo mwulizeni mwenye suti jambo moja tu, kama aliyeisaini yu hai. Uwakili unakufa na aliyeutoa. Mzee wa Leicester akishazikwa, karatasi ile haiuzi hata mlango. Warithi wake ndio wenye neno, na lazima wapitie mahakama kupata mamlaka ya kusimamia mirathi.

Kisha isomeni hati yenyewe, msiishie kuipapasa. Nyumba nyingi za katikati ya mji zilijengwa juu ya ardhi ya kupangishwa, lizi ya miaka 49 au 99. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la nne anaiweza: lizi ya miaka 49 iliyoanza 1955 ilikwisha 2004. Muuzaji anayekuonyesha hati ya namna hiyo anauza matumaini kwamba bodi ya ardhi itamwongezea muda, na matumaini hayo ndiyo unayolipia mamilioni. Yawezekana bodi ikakubali. Lakini aliyepaswa kwenda kuomba ni yeye, kabla hajakuita.

Kuna pia saini moja ambayo vijana wanaume huwa hamuitafuti. Sheria ya Ardhi ya 1998 inasema ardhi ya familia, ile ambayo mume na mke wanakaa au wanaitegemea kwa riziki, haiuzwi bila idhini ya mwenzi. Mume akiuza peke yake, mkataba haufai. Nimeona mama mmoja akitoka jikoni na mwiko mkononi siku wanunuzi walipokuja kupima kiwanja. Ndipo walipojua kwamba yupo. Ukifika kukagua nyumba, salimiana na mwenye jiko kabla ya mwenye funguo. Kama muuzaji ameirithi, omba barua za usimamizi wa mirathi, na uliza idadi ya watoto wa marehemu kwa mtu asiyekuwa mtoto wa marehemu.

Huyo mtu mtampata barazani. Kila nyumba ya zamani ya maduka ina fundi cherehani chini ya nguzo zake, na fundi cherehani ndiye masjala ya mtaa. Mpelekeeni suruali ya kupunguza, kaeni. Atawaambia nani alikuja mwezi uliopita na mkanda wa kupimia, nani alitukanana na nani, nyumba imefungwa mara ngapi na askari wa mahakama. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, naye ana lake la kusema, ila yeye muhuri wake una bei, wa fundi hauna.

Haya, tuseme watu wamekwisha, karatasi imesimama. Sasa inueni macho.

Msije Januari. Januari kwetu ni kiangazi, kila nyumba ni kavu na rangi mpya haijapata la kuficha. Njooni kati ya Agosti na Oktoba, mvua zinapokuwa kali, mje saa moja baada ya dhoruba. Ukuta wenye unyevu utakuwa umejisema wenyewe. Angalieni maji yanaelekea wapi yakitoka barabarani: mitaa yetu kadhaa ilijengwa upya kwa lami kwa mradi wa miundombinu ya miji, USMID, ambao Arua ilikuwa mmoja wa miji yake 14 ya kwanza, na barabara mpya ikiinuka kuliko ile ya zamani, baraza iliyokuwa juu ya njia sasa iko chini yake. Mtaro ukiziba, maji yanaingia dukani. Hilo halikuwa kosa la aliyejenga, lakini wewe ndiye utakayepiga deki.

Paa nalo, pandeni ngazi mlitazame kwa karibu. Mabati ya wakoloni na ya Wahindi yalikuwa mazito, geji 24 au 26, siyo haya ya 30 na 32 yanayolia mvua ikinyesha kiasi cha kukatiza mazungumzo. Mkikuta paa jepesi juu ya kuta nzito, jueni paa la kwanza liliezuliwa, na ulizeni kuta zilikaa wazi misimu mingapi. Hapa ndipo siri kubwa ya nyumba zetu ilipo, nami nawaomba msiipite haraka. Nyumba nyingi za kabla ya uhuru zilijengwa kwa tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo, saruji ikawekwa usoni tu. Saruji ilikuwa ghali: kiwanda cha Tororo kilianza miaka ya 1950, na reli haikufika Pakwach hadi 1964, kabla ya hapo mzigo ulipanda meli Butiaba, ukateremshwa Rhino Camp, ukaja Arua kwa lori. Aliyejenga aliibania. Ukuta wa udongo ni mzuri sana maadamu una kofia na viatu, yaani paa juu na msingi mkavu chini. Ukikosa kofia miaka mitano, maji huingia kwa juu na kuuosha udongo kati ya tofali, na mistari ile ya juu hubaki imepangana bila kushikana. Baadaye mtu akarudi kutoka Sudan na pesa kidogo, akaezeka upya juu ya mistari hiyo hiyo, akapiga plasta, akapaka rangi. Mambo yakawa mazuri kwa macho. Toboeni dari pembeni, chokoeni kwa msumari kati ya tofali chini ya mbao ya paa. Ukiingia kama kwenye unga, ukuta huo unashushwa mita moja na kujengwa tena, na gharama hiyo itoke kwenye bei ya muuzaji.

Plasta mpya ya saruji juu ya ukuta wa udongo msiipende. Inafunga unyevu ndani, kisha inaachia vipande vipande. Gongeni kwa kifundo cha kidole. Panapolia tupu, pametengana. Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa mwembamba wa plasta ni wa plasta. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata tofali kutoka pembe ya dirisha, na unaingia sarafu, ni wa msingi. Tusisahau kwamba tumekaa jirani ya Bonde la Ufa. Tetemeko la tarehe 20 Mei 1990 upande wa Sudan Kusini lilizidi 7 kwa kipimo, likatutikisa na sisi. Nyumba iliyosimama tangu hapo bila ufa mpya nampa hongera zake aliyeijenga.

Mchwa hawahitaji maelezo kwa mtu wa West Nile, tunawala na wanatula. Vijana hutazama ukuta wenye mifereji ya udongo na kusahau mbao. Gongeni fremu za milango pale chini zinapogusa sakafu, na kenchi pale zinapokaa ukutani. Mvule na mti wa teak hustahimili. Mbao nyeupe zilizopakwa rangi ya kahawia hudanganya mpaka siku mlango unapobaki mkononi.

Mkikuta paa la vigae bapa vya kijivu vinavyofanana na saruji, hasa kwenye majengo yaliyokuwa ya serikali, hiyo huenda ni asbesto. Msiikate, msiivunje, msiisugue kwa brashi. Vumbi lake linasababisha saratani ya mapafu, na kuiondoa ni kazi ya wanaojua, kwa malipo yao. Na kwa kuwa nimetaja serikali: bangaloo za kilimani, zile za maofisa tangu Waingereza walipoanzisha kituo hapa 1914, zina mwenyewe, na mwenyewe ni serikali mpaka hati iseme vinginevyo. Ofisa anayestaafu hana kota ya kuuza.

Umeme sitasema mengi. Mji huu ulikaa miaka mingi kwenye jenereta na giza. Kampuni ya umeme ya WENRECO ilianza kazi 2003, na bwawa la Nyagak, megawati 3.5, likaja 2012. Kwa hiyo ndani ya ukuta mmoja mnaweza kukuta waya za enzi za utawala wa kwanza wa Rais Obote zimefungwa kwa tepu na waya za juzi. Zing'oeni zote. Na waya wa kuteremsha radi ardhini uwepo, radi za huku mnazijua.

Cha kuangaliwa kwa makini zaidi ni uchochoro wa nyuma. Miji ya Uganda ya wakati wa Waingereza iliachiwa njia nyembamba nyuma ya maduka, ya kupitia wazoa ndoo za choo. Ndoo zilikwisha, njia zikabaki mali ya mji. Leo utakuta jiko, stoo, hata vyumba viwili vya kupangisha vimejengwa juu yake, na muuzaji anavihesabu ndani ya bei. Pimeni kwa ramani ya hati. Kilichoko nje ya mstari ni cha halmashauri, na tingatinga halisomi mkataba wenu.

Koboko ni habari nyingine, nami nazungumza nayo kwa heshima kwa sababu wengi wenu mna bibi huko. Nyumba kuukuu ni chache. Vita vya 1980 viliupitia mji ule kwanza. Zile chache zilizosalia huuzwa kwa jina, kwamba alikaa humo mkubwa fulani wa enzi za Amin. Jina halina sehemu kwenye hati. Katikati ya manispaa mtakuta lizi na viwanja vilivyopimwa, lakini mkisogea kidogo tu ardhi ni ya kimila, ya ukoo, na Katiba ya 1995 inaitambua hivyo. Hapo saini ya mtu mmoja ni mwanzo wa kesi. Kaeni na wazee wa ukoo wote, tembeeni mipaka pamoja nao mchana, majirani wa pande zote nne wakiwepo. Wengi walirudi kutoka uhamishoni wakiwa watoto waliozaliwa kambini, wakaonyeshwa mpaka na mtu ambaye naye alioneshwa. Tena barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ilipowekewa lami, ardhi ya kando ilipanda thamani na hifadhi ya barabara ikakumbukwa. Nyumba nzuri iliyosimama ndani ya hifadhi ni nzuri kwa wapita njia.

Sasa bei. Ninyi mnaotaka kubomoa na kusimamisha jengo la vioo la ghorofa nne, semeni hivyo moyoni mapema, mlipe bei ya ploti, maana ukuta wa zamani kwenu ni gharama ya kusafisha. Siwapendi sana, ila hesabu yenu ni nyepesi. Mnaotaka kuishi humo, au kufungua duka chini ya baraza ile, chukueni bei ya ploti, ongezeni mnachoona ukuta unastahili, ondoeni paa, ondoeni waya, ondoeni mistari ya juu ya ukuta, ondoeni kiasi kwa ajili ya lizi kama muda wake uliobaki ni mfupi, na ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 msiusahau. Mara nyingi mtabaki na tarakimu ambayo muuzaji ataiona ni matusi. Wakati mwingine atarudi baada ya mvua.

Mimi nasema zinafaa kununuliwa, wale wanaodhani nawatisha wanisikie vizuri. Dari la futi kumi na mbili, ukuta wa tofali mbili na baraza inayozuia jua la alasiri havijengwi tena kwa bei ya sasa, na Februari mchana utamjua aliyekaa ndani ya nyumba ile na aliyekaa chini ya bati geji 32. Nyumba ya namna hiyo yenye karatasi moja, mwenyewe mmoja na paa lisilowahi kuezuliwa ikipatikana, hata mimi uzee huu ningeuza ng'ombe.

Lakini arubuni isitoke mfukoni kabla ya majibu ya upekuzi kutoka ofisi ya ardhi ya kanda, iko hapa hapa Arua, yakiwa na muhuri na tarehe ya wiki hiyo. Broka akiwaambia kuna mtu mwingine anakuja na pesa jioni, mwambieni amkaribishe.